Kompyuta Inapomtoa Mrushaji Wako: Namna ya Kulipanga Benchi Kabla ya Mchezo

Wanaocheza besiboli ya kuigiza kwenye kompyuta wanalijua hili donge. Unaongoza 3–1, iningi ya saba, mrushaji wako wa kuanza anawamaliza wapigaji mmoja baada ya mwingine. Ghafla meneja wa kompyuta anamtoa na kumwingiza mtu ambaye hata wewe ulishasahau kama yumo kikosini. Ukirudi kuangalia ubao, unasomeka 5–3 na mchezo umekwenda. Hapa Mbeya tuna kundi la marafiki tunaoendesha ligi yetu wenyewe. Wengine wako chuoni Iyunga, mmoja yuko Tukuyu, wengine wamehamia Iringa. Hakuna lalamiko linalojaza simu zetu kuliko hili.

Msimamo wangu ni mmoja. Meneja wa kompyuta anafanya kazi na kile alichokikuta kwenye mipangilio ya timu yako, kwa hiyo vita hii inapiganwa kabla mrusho wa kwanza haujatupwa. Majina ya vitufe hutofautiana kati ya mchezo na mchezo, lakini mambo yenyewe ni yaleyale, na ukiyashika utayakuta popote.

Kwa aliyezoea mpira wa miguu, mambo machache ya kuanzia. Mrushaji humtupia mpira mpigaji, naye akiupiga hukimbilia besi, yaani vituo vya kuzunguka hadi kupata pointi. Mchezo una iningi tisa, yaani vipindi, na katika kila iningi kila timu hupiga hadi ipate auti tatu, yaani wachezaji wake watatu washindwe zamu hiyo. Mrushaji anayeanza hutarajiwa kwenda iningi tano, sita au saba, kisha wanaingia wa akiba ambao hukaa kwenye eneo lao la kupashia misuli, bulpeni. Na mchezaji akishatolewa harudi tena siku hiyo. Ndiyo maana kosa la kumtoa mrushaji mzuri linauma namna hii.

Hatua ya kwanza: fungua kumbukumbu za mchezo kabla ya kulaumu

Karibu kila mchezo wa aina hii huhifadhi kumbukumbu ya kila mrusho. Watu wengi wanaangalia matokeo, wanakasirika, wanafunga laptopu. Wewe fungua. Tafuta mstari ambao mrushaji wako alitolewa, kisha andika kwenye daftari mambo haya: iningi ya ngapi, auti ngapi, nani yuko kwenye besi, alikuwa ametupa mirusho mingapi, nguvu zake zilibaki kiasi gani, mpigaji anayefuata anatumia mkono gani, na mpigaji huyo anakutana naye kwa mara ya ngapi siku hiyo.

Halafu andika jambo ambalo wengi hawaliandiki: nani mwingine alikuwepo bulpeni, na kila mmoja alirusha lini mara ya mwisho.

Rafiki yetu wa Tukuyu alinipigia jioni moja, sauti imepanda. "Kaka, kompyuta imeniuza. Imemwacha mtu wangu bora imemwingiza huyu wa mwisho kabisa." Nikamwambia tufungue kwanza. Tukakaa kwenye simu, yeye anasoma, mimi naandika. Mrushaji wake alikuwa na mirusho 94, nguvu zimebaki chini ya theluthi moja, mtu yuko besi ya pili, na anayekuja ni mpigaji wa mkono wa kushoto anayemwona kwa mara ya tatu. Kumtoa pale ni uamuzi ambao hata kocha binadamu angeufanya. Tatizo lilikuwa aliyeingia. Wasaidizi wake wawili wazuri walikuwa wamerusha jana na juzi, mrushaji wake wa kumalizia alikuwa amefungiwa iningi ya tisa peke yake, na waliobaki walikuwa wamewekwa bila jukumu lolote. Kompyuta ikamchukua aliyekuwa na nguvu kamili. Aliyekuwa na nguvu kamili ni yule ambaye hatumiki kwa sababu hafai.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kabla hajakata simu alikuwa ameshafungua ukurasa wa majukumu.

Kwa hiyo tenganisha maswali mawili: je, alistahili kutolewa, na je, aliyeingia ndiye aliyestahili kuingia? La kwanza linahusu uvumilivu wa kompyuta kwa anayeanza, la pili linahusu mpangilio wa bulpeni. Dawa zake ni mbili tofauti, na ukizichanganya utazunguka msimu mzima.

Hatua ya pili: hakikisha mchezo unajua uko mwaka gani

Hii ni fupi lakini imewaliza wengi wanaopenda kucheza misimu ya zamani. Namna ya kutumia warushaji imebadilika mno. Mwaka 1968 mrushaji Bob Gibson wa St. Louis alianza michezo 34 na kati ya hiyo akaimaliza mwenyewe 28, akiwa na wastani wa 1.12, yaani pointi anazoruhusu mrushaji kwa kila iningi tisa. Ukimpakia Gibson huyo kwenye ligi yenye mipangilio ya miaka hii, kompyuta itamtoa iningi ya sita kila siku na utadhani imechanganyikiwa. Inafuata tu desturi ya mwaka uliouacha kwenye mipangilio. Tafuta sehemu ya mwaka au enzi ya ligi, weka matumizi ya warushaji yaendane na msimu unaocheza.

Hapohapo angalia kanuni ya mpigaji maalumu anayempigia mrushaji. Ligi kuu ya Marekani ina pande mbili: American League ilianza kuitumia mwaka 1973, lakini National League iliipokea kwa kudumu mwaka 2022. Ukicheza msimu wa zamani wa National, mrushaji wako anapiga mwenyewe, na kompyuta itamtoa zamu yake ikifika ili aingie mpigaji wa badala, hata kama alikuwa anarusha vizuri sana. Kama hilo ndilo linalokukera, kipimio cha kurekebisha ni cha wapigaji wa badala. Usihangaike na cha uchovu.

Kanuni nyingine ya kukagua: tangu 2020, mrushaji anayeingia lazima akutane na wapigaji watatu au amalize nusu ya iningi, isipokuwa akiumia au kuugua. Kabla ya hapo kocha aliweza kumwingiza mtu wa mkono wa kushoto kwa mpigaji mmoja tu kisha akamtoa. Kama ligi yako inatumia kanuni mpya, yule mtaalamu wa mpigaji mmoja hana kazi tena. Ukimwacha na jukumu hilo, kompyuta itamwingiza kwa ajili ya mpigaji wa kushoto, kisha atalazimika kubaki uwanjani mbele ya wawili wa kulia wanaompiga wanavyotaka.

Hatua ya tatu: gawa majukumu ya bulpeni

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nataka utumie muda. Kuiachia kompyuta bulpeni isiyo na majukumu ni kama kumwachia mgeni duka ambalo bidhaa hazina bei: atauza, lakini si kwa namna utakayoipenda.

Kikosi cha ligi kuu ya Marekani kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Ukiwa na watano wa kuanza, wanabaki wanane wa akiba. Wapange hao wanane kwa karatasi kwanza, kabla ya kugusa kitufe chochote. Mimi huanzia chini kwenda juu, kwa sababu wengi huanza na nyota na wakifika kwa wa mwisho wameshachoka kufikiri.

Anza na yule dhaifu kuliko wote. Mpe jukumu la kufagia, yaani kuingia pale tu timu inapokuwa mbele sana au nyuma sana. Michezo mingi ina jukumu hili kwa jina fulani. Usimwache huyu akiwa huru, kwa sababu nguvu zake zimejaa siku zote na kompyuta hupenda nguvu zilizojaa. Ukimfunga kwenye jukumu la kufagia, umeondoa sehemu kubwa ya michezo ile inayokutia uchungu.

Wa pili kutoka chini awe mtu wa iningi nyingi. Hahitaji kuwa hodari sana, anachohitaji ni pumzi. Siku mrushaji wa kuanza akipigwa mapema, au akiumia iningi ya pili, huyu anaingia na kubeba tatu au nne peke yake. Timu isiyo na mtu wa namna hii hutumia watu wanne kwa siku moja mbaya, kisha siku tatu zinazofuata unashangaa kwa nini wazuri wako hawaonekani.

Katikati weka watatu au wanne wa kawaida. Hakikisha angalau mmoja, vizuri wakiwa wawili, wanarusha kwa mkono wa kushoto. Tazama namba zao dhidi ya wapigaji wa kulia na wa kushoto, kila upande peke yake. Mrushaji wa kushoto anayepigwa vibaya na watu wa kulia ni mzigo chini ya kanuni ya wapigaji watatu, hata kama wastani wake kwa jumla unapendeza.

Sasa juu. Hapa kuna mtego mkubwa: mrushaji wa kumalizia. Meneja wa kompyuta wa michezo mingi humtunza huyu kwa ajili ya sevu. Sevu humpata anayemaliza mchezo timu yake ikishinda, na njia ya kawaida ni kuingia mkiwa mbele kwa pointi zisizozidi tatu kisha akarusha angalau iningi moja. Ukimweka mtu wako bora kabisa kwenye nafasi hiyo, kompyuta itamkalisha iningi ya saba mchezo unapoungua, ikiingojea ya tisa yenye sevu ambayo huenda isifike.

Na si kompyuta peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2016, Baltimore walikuwa Toronto kwenye mchezo mmoja wa mtoano. Meneja wao, Buck Showalter, alikuwa na Zack Britton, aliyepata sevu 47 kwa nafasi 47 msimu ule kwa wastani wa 0.54. Mchezo ukawa 2–2 hadi iningi ya 11. Britton hakuingia kabisa. Aliyekuwa kilimani, mahali anaposimama mrushaji, ni Ubaldo Jiménez pale Edwin Encarnación wa Toronto alipoupiga mpira nje ya uwanja na kuleta pointi tatu. Ikawa 5–2, msimu wa Baltimore ukaishia hapo. Timu ikiwa ugenini na mchezo umefungana, sevu haipo mpaka uongoze kwanza, na kumngojea mtu wa sevu ni kungoja kitu ambacho hakijazaliwa. Kompyuta yako inafanya kosa hilihili mara kwa mara, kwa sababu hilihili.

Mwezi huohuo Terry Francona wa Cleveland alionesha njia nyingine. Alimwacha Cody Allen amalizie, na Andrew Miller, mrushaji wake wa kutisha kuliko wote, akamtumia iningi ya tano, ya sita, ya saba, popote moto ulipowaka. Miller akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ya American League bila kuwa mrushaji wa kumalizia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtu wako wa pili kwa ubora mpe kazi ya kumalizia. Mtu wako wa kwanza mpe jukumu la kuzima moto, lile ambalo mchezo unalieleza kuwa la nyakati ngumu katika iningi za katikati na za mwisho. Kama mchezo wako hauna jukumu hilo, mweke kuwa msaidizi wa iningi ya nane na umruhusu kuingia mapema, tuseme kuanzia ya sita. Kama upo mpangilio wa kumruhusu mrushaji wa kumalizia aingie mchezo ukiwa umefungana, uwashe. Mingine huuficha mbali kwenye kurasa za ndani, utafute hadi uupate.

Ukimaliza, soma orodha yako kwa sauti: huyu anaingia lini, huyu anaingia lini. Ukikwama kwa mtu yeyote, kompyuta nayo itakwama kwake.

Hatua ya nne: uvumilivu kwa anayeanza

Michezo mingi ina kipimio cha kusogeza kushoto na kulia kinachosema kompyuta imtoe haraka au imvumilie mrushaji wa kuanza. Hasira humtuma mtu akivute hadi mwisho. Usifanye hivyo. Sogeza hatua moja, cheza wiki mbili za ligi, soma kumbukumbu, ndipo uamue tena.

Kuna sababu ya msingi ya kutokimbilia uvumilivu mwingi. Wapigaji humzoea mrushaji. Wakimwona mara ya tatu katika mchezo mmoja, kwa jumla humpiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Michezo mizuri ya kuigiza huliweka hilo kwenye hesabu zake, kwa hiyo yule anayeonekana bado yuko moto anaweza kuwa amekaribia kupigwa na wewe huoni.

Besiboli yenyewe ina majeraha pande zote mbili. Tarehe 16 Oktoba 2003, Boston waliongoza 5–2 iningi ya nane pale Yankee Stadium, uwanja wa New York Yankees. Pedro Martínez alikuwa amechoka, meneja wake Grady Little akaenda hadi kilimani kuzungumza naye na akamwacha. Yankees wakasawazisha 5–5, na Aaron Boone akaumaliza mchezo iningi ya 11. Miaka 17 baadaye, tarehe 27 Oktoba 2020, Kevin Cash wa Tampa Bay akafanya kinyume. Blake Snell alikuwa ametupa mirusho 73 tu, ameruhusu mapigo mawili, ametoa watu tisa kwa straiki (mpigaji akikosa mirusho mitatu mizuri), na timu inaongoza 1–0 katika mchezo wa sita wa fainali. Wapigaji watatu wa juu wa Los Angeles Dodgers walikuwa wamekutana naye mara mbili kila mmoja na mara zote sita wakatoka kwa straiki. Cash akamtoa kabla hawajamwona mara ya tatu, akaingia Nick Anderson, Mookie Betts akapiga hadi besi ya pili, na Dodgers wakashinda 3–1 na ubingwa.

Siwezi kuutazama uamuzi ule wa Cash bila kuumia, na naamini Snell alistahili angalau mpigaji mmoja zaidi. Ila hesabu aliyoifuata ndiyo iliyo ndani ya mchezo unaocheza. Suluhisho langu ni kutofautisha watu. Kipimio cha timu nzima kiache katikati, kisha nenda kwa mchezaji mmojammoja. Mrushaji wako wa kwanza, mwenye pumzi na mitindo minne ya kurusha, mpe kikomo cha mirusho 105 au 110. Wa tano, ambaye ana mitindo miwili tu, mpe 80. Mwenye mitindo miwili anazoeleka upesi. Kama mchezo wako unaonesha idadi ya mitindo ya mrushaji, itumie kuweka vikomo hivi, inasaidia kuliko kuangalia umaarufu wa jina.

Hatua ya tano: pumziko, na hesabu yake

Shika kalamu. Msimu wa ligi kuu una michezo 162. Warushaji wako wa kuanza wakienda wastani wa iningi tano, bulpeni inabeba nne kwa mchezo, yaani 648 kwa msimu. Wakienda sita, bulpeni inabeba 486. Tofauti ni iningi 162, sawa na kazi ya warushaji wa akiba wawili au watatu kwa msimu mzima. Ndiyo maana kuivuta kompyuta iwatoe wa kuanza mapema kunaiua bulpeni taratibu, na matunda yake machungu yanakuja Agosti, wakati umeshasahau kwamba ulikigusa kipimio mwezi wa nne.

Weka mpangilio wa pumziko hivi: asiyetakiwa kurusha siku tatu mfululizo afungiwe asirushe. Baadhi ya michezo hukuachia hiari hiyo kwa kila mchezaji. Kama haipo, ifanye kwa mkono: kila unapopeleka maagizo ya wiki, wale waliochoka sana waondolee jukumu kwa siku moja au mbili, kisha uwarudishie. Na mmoja au wawili wa chini kabisa wawe ni watu wanaoweza kushushwa timu ndogo na mwingine mwenye nguvu akapandishwa. Timu za kweli hufanya hivyo mwaka mzima, na watu wa ligi yetu wasiofanya hivyo ndio wanaolia zaidi.

Hatua ya sita: iningi za mwisho, kaa mwenyewe

Kama unacheza peke yako, una uhuru ambao sisi wa ligi ya pamoja hatuna. Iachie kompyuta iningi sita za kwanza, kisha uchukue usukani. Karibu michezo yote inakuruhusu kusimamisha iningi fulani. Weka isimame mwanzo wa iningi ya saba, au pale mchezo unapokuwa ndani ya pointi tatu.

Ukikaa pale, kumbuka kuwapasha misuli mapema. Watu wengi wanamwita mrushaji akiwa baridi, anapigwa, kisha wanasema mchezo umewaonea. Mpashe mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto tangu iningi ya sita. Lakini usiwapashe na kuwakalisha mara tatu kwa usiku mmoja, maana michezo mingine huhesabu hilo kama uchovu.

Kwa sisi wa huku nyanda za juu, umeme ni sehemu ya mpango. Washa kuhifadhi kiotomatiki kila nusu iningi, na faili la ligi liwe na nakala kwenye flashi. Umeme ukikatika katikati ya iningi ya nane na mchezo ukarudi mwanzo, utaurudia ukiwa na hasira, na hasira hupanga benchi vibaya.

Hatua ya saba: mkiwa kwenye ligi ya pamoja

Kwenye ligi ya pamoja michezo inachezwa na kompyuta ya msimamizi, wewe unapeleka maagizo tu. Hapa kila kitu nilichosema juu kinakuwa na uzito mara mbili, kwa sababu huna nafasi ya kuingilia.

Peleka maagizo saa kadhaa kabla ya muda wa mwisho. Bando likikuishia dakika za mwisho, kompyuta itatumia maagizo ya wiki iliyopita, na humo mrushaji wako aliyeumia bado ndiye anayeanza. Ukishapakia, fungua upya uone kama kweli yamebadilika. Sisi tumekubaliana kila mtu apige picha ya ukurasa wake wa majukumu na kuituma kwa msimamizi. Ikitokea ubishi, picha inaamua.

Mkubaliane pia kuhusu mambo ya ligi nzima: mwaka wa matumizi ya warushaji, kanuni ya wapigaji watatu, na mkimbiaji anayewekwa besi ya pili iningi za ziada, kanuni iliyoanza ligi kuu mwaka 2020 na isiyotumika kwenye mtoano. Hii ya mwisho inagusa sana bulpeni, kwa sababu michezo huisha upesi na yule mtu wa iningi nyingi anapata kazi kidogo. Msimamizi asibadilishe hata moja katikati ya msimu bila kura. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu mtu aliyejenga benchi lake kwa kanuni moja hawezi kuhukumiwa kwa nyingine.

Hatua ya nane: pima kabla ya kuamini

Usihukumu mpangilio kwa mchezo mmoja, wala kwa wiki moja. Mrushaji wa akiba akirusha iningi mbili tu kwa wiki na akapigwa mpira mmoja nje ya uwanja, wastani wake unaharibika bila yeye kuwa mbaya.

Njia ya kupima ni hii. Toa nakala ya faili la ligi, ipe jina lingine ili usiichanganye na ya kweli. Kwenye nakala hiyo endesha msimu mzima kwa mpangilio wa zamani, kisha uurudie kwa mpangilio mpya. Rudia tena na tena ukiwa na kazi nyingine, laptopu ijiendee. Usiku wa Julai hapa Mbeya, baridi ikikufungia ndani, ni wakati mzuri wa kazi hii. Kila msimu ukiisha andika vitu vitatu: michezo iliyopotea timu ikiwa mbele baada ya iningi ya sita, jumla ya iningi za bulpeni, na mara ambazo yule wa kufagia aliingia mchezo ukiwa ndani ya pointi mbili. Hiki cha tatu ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kikishuka karibu na sifuri, majukumu yako yameeleweka.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa majukumu, uvumilivu na vikomo kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta nini.

Ukipata nafasi, tazama na michezo ya kweli. Kiangazi cha Marekani, mchezo unaoanza saa moja jioni New York unaanza saa nane usiku huku kwetu, kwa hiyo wengi hatuwezi kila siku. Lakini hata ukiamka alfajiri ukatazama iningi tatu za mwisho peke yake, fuata bulpeni: nani anasimama kupasha, lini, na mpigaji gani yuko mbioni. Utajifunza kupanga majukumu kuliko kwa kusoma maelezo ya vitufe.

Kabla ya mtoano

Mtoano una siku za mapumziko ambazo msimu wa kawaida hauna, kwa hiyo bulpeni inaweza kubebeshwa zaidi. Siku moja kabla ya mchezo wa kwanza, fungua majukumu upya. Punguza wa kuanza wawe wanne, wa tano mfanye mtu wa iningi nyingi. Mzima moto wako mruhusu iningi mbili. Wa kumalizia mruhusu kuingia kuanzia ya nane na mchezo ukiwa umefungana. Vikomo vya wa kuanza vishushe kidogo, kwa kuwa sasa una watu wenye nguvu nyuma yao. Yule wa kufagia mwondoe kikosini kabisa, nafasi yake mpe mpigaji wa badala au mkimbiaji mwenye kasi.

Hifadhi mpangilio huu kwa jina lake, tofauti na ule wa msimu wa kawaida, na mtoano ukiisha rudisha wa kwanza kabla msimamizi hajafungua msimu mpya.